Gujoni za Kale

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikinunua maharage naingiza mkono hadi chini ya gunia, kwa sababu najua juu huwekwa yale mazuri. Padri akitangaza kwamba mchango wa leo ni wa paa, nainua macho nitazame paa. Mke wangu husema nikifika mbinguni nitauliza nani alipima lile lango. Acha aseme. Miaka yote hii ya kununua maharage upande wa Rutshuru na kuyauza Goma, sijawahi kurudi nyumbani na gunia lililojazwa mawe chini, na wenzangu wengi wanaonicheka wamewahi.

Basi yule kijana alipoanza kumfuatafuata dada yangu, nilimchunguza vilevile, kuanzia chini. Dada yangu ndiye kitinda mimba wetu. Baba alifariki yeye angali shuleni, na tangu hapo mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha baba. Nilimsomesha, nikamkatalia safari, nikamkatalia na wachumba. Huyu alikuwa fundi wa magari, mwenye garaji yake na gari lake mwenyewe mtaa wa Katoyi, mtu wa upande wa Bukavu. Sisi ni watu wa Butembo. Sina neno na watu wa Bukavu. Tunasali pamoja, na kwaya yetu ingekufa bila sauti zao. Lakini wanaongea. Mtu wa Bukavu akitaka chumvi mezani anaanza na salamu, anapitia kwenye Kifaransa, na kabla hajaitaja chumvi yenyewe wewe umeshampa na sahani yako. Huyu, juu ya hayo, alikuwa na adabu nyingi mno. Nikajiuliza mtu mwenye adabu kiasi kile anaficha nini.

Familia yake ilikuwa imeomba siku ya kuja kujitambulisha, ile tunayoiita prezantasio. Wanakuja na msemaji wao, wanazunguka maneno, wanasema wameona ua zuri katika boma letu, na mwenye nyumba anajibu. Mwenye nyumba ni mimi. Nikisema ndiyo, mambo ya mahari yanaanza. Nikisema hapana, wanamaliza soda zao na kwenda. Dada yangu, ambaye huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa amekwisha kunionya.

"Yaya, huyu njo ule mi nataka. Ukimufukuza, sitakuletea mwingine."

Alisema bila kupandisha sauti, na kwa dada yangu hapo ndipo penye hatari. Tulipanga Jumapili. Jibu langu sikumwambia mtu, kwa kuwa sikuwa nalo.

Ndipo mambo ya jante, zile rimu za magurudumu, yakaingia. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imezipinda jante zangu za chuma mpaka gari likitembea unahisi lina kichaa. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akaniuzia jante za alumini, zinang'aa, pana kuliko zile, na akaniapia kwamba zitaingia kwenye gari langu la jipu bila shida. Kuingia, ziliingia. Lakini nikikata kona, tairi la mbele lilikwaruza nguzo ya springi kwa ndani, na mlio wake ulikuwa wa mtu anayesaga meno usingizini. Nilipomrudia muuzaji alisema, kana kwamba ni jambo dogo tu, nitafute visahani vya chuma vya kuweka katikati ya jante na kitovu cha gurudumu, ili gurudumu lisogee nje kidogo lisiguse kitu. Akavitaja kwa jina refu la Kifaransa ambalo sikulishika. Kifaransa changu ni cha shule, na shule haikunifundisha gari. Nikaviita visahani.

"Mupelekee," dada yangu akasema, akimaanisha fundi wake. "Utaona kazi yake na macho yako."

Wazo lilinipendeza, ingawa si kwa sababu aliyoifikiria yeye. Sebuleni mtu anaweza kukudanganya mwaka mzima ukimpikia chai. Kwenye gari lako atakudanganya mara moja tu, halafu barabara itamsema.

Nilimkuta kwenye uwanja wake wa changarawe nyeusi, mbele ya kontena lililogeuzwa stoo. Alijifuta mikono, akanipa kifundo cha mkono nikishike, kwa kuwa viganja vilikuwa na oili.

"Karibu, muzee."

Muzee! Nina miaka arobaini na kitu. Mwingine angekimbilia kuniita shemeki, lakini huyu hakuthubutu, na hilo nalo nikaliweka akilini. Kwa nini haniiti shemeki? Kweli, angeniita, ningeuliza ni nani aliyempa ruhusa.

Aliingia chini ya gari, akazungusha gurudumu, akapitisha kidole mahali palipokwaruzwa. Nikamwambia habari ya visahani.

"Visahani peke yake hapana, muzee. Ukitia kisahani, gujoni inabaki fupi."

Gujoni ni zile skrubu nene zinazochomoza kwenye kitovu cha gurudumu. Jante inavikwa juu yake, kisha nati zinakazwa. Alinionyesha kwa kidole. Kisahani kikikaa pale kinakula urefu wa skrubu, nati inabaki imeshika ncha tu, na siku gari likiwa na mzigo mzito, ncha inaachia na gurudumu linakupita barabarani ukilitazama.

"Inaomba tutoe zote, tupige ingine ya murefu. Ya mupya kabisa. Ya mupya."

Alilirudia lile neno, mupya. Nikajiuliza kwa nini kulirudia.

"Bile visahani, mi mwenyewe naweza kununua," nikasema.

"Hapana, muzee. Biko."

"Biko wapi?"

"Biko tu," akajibu, akatazama pembeni.

Halafu akasogeza gari nyuma ya kontena, chini ya turubai, eti mvua inakuja. Mvua haikuja. Mimi aliniwekea benchi upande wa mbele, penye kivuli, na kunitafutia soda. Nilikaa pale na soda yangu nikisikiliza nyundo. Kila skrubu ya zamani ilipotoka ilianguka kwenye changarawe na kulia. Baadaye nyundo ikanyamaza. Mtu akinyamaza nyuma ya kontena na gari lako, moyo haukai. Niliinuka kana kwamba natafuta choo, nikapita kando ya uzio wa mabati, na hapo nikasikia sauti yake. Alikuwa anaongea kwenye simu.

"Ndiyo, mama mudogo. Ile jipu ya kaka yake... Namaliza sasa hivi. Gujoni za kale zimeingia muzuri... Hapana, yee hajue kitu. Usimuambie mutu."

Nilisimama nimeshika bati.

Gujoni za kale. Sokoni kwetu hakuna anayesema kale. Kitu kikuukuu tunasema ni cha zamani, au tunasema kimezeeka. Kale tunalisikia kanisani: watu wa kale, nyakati za kale, mambo ya kabla ya gharika. Ndiyo maana neno lile lilinichoma zaidi. Skrubu zilizotolewa kwenye gari lililokufa zamani, labda zimeoza katikati, amezisugua, amezipaka grisi, amezipiga kwenye gari langu, na sasa anamweleza mama yake mdogo kwa lugha ya misa. Na mimi sijui kitu, na asiambiwe mtu.

Kwa nini sikumvamia palepale? Wengi wameniuliza. Nilinyamaza kwa sababu mtu wa maneno ukimkamata peke yake atakutolea maneno mpaka umwombe radhi. Nilitaka kumkamata mbele ya wazee wake, Jumapili, mahali ambapo hawezi kuzunguka. Pia, nisifiche, nilifurahi. Nilikuwa nimelitafuta jibu kwa muda mrefu na sasa nilikuwa nalo mfukoni.

Alipomaliza, jante zilikuwa zimekaa vizuri sana, na usukani ukikatwa hapakusikika kitu. Nati nazo zilikuwa mpya, nyembamba, za aina ambayo spana ya kawaida haiingii. Zina ufunguo wao. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.

"Inabaki kwangu kwanza, muzee. Ukitoka safari, nati zinakuwa zimetafuta fasi yake. Nitazikaza tena. Kisha nakupatia."

"Na pine ikipasuka mu njia?"

"Unipigie. Hata ku Rutshuru, nitakuja."

Mnaona? Gari ni langu, magurudumu ni yangu, na mwenye ufunguo ni yeye. Nilimshukuru kwa sauti tamu mpaka yeye mwenyewe akanitazama mara mbili.

Jumamosi nilikuwa na safari ya Kalengera. Mama alikuwa ameshuka kutoka Butembo kwa ajili ya ile Jumapili, akalala kwa dada yake pale Kalengera, na mimi ndiye wa kwenda kumchukua. Sijawahi kuendesha namna ile. Nilizima redio, nikafungua vioo vyote, nikawa nasikiliza magurudumu. Kila jiwe lililoruka chini ya gari nilisema ni nati. Nilisimama mara nyingi nikazigusa kwa vidole, moja baada ya nyingine, zote zikiwa zimekaza, na kukaza kwake hakukunituliza hata kidogo. Skrubu iliyooza haikatiki kwa nje. Mwendesha pikipiki mmoja alinipita, akapunguza mwendo akaniuliza kama nimebeba mayai.

Nilipofika nilimwambia Mama apande minibasi, mimi nitamfuata nyuma.

"Juu ya nini?"

Nikamweleza yote: kontena, simu, neno lenyewe. Mama amesali kwa Kiswahili cha kanisani maisha yake yote, na ndiye aliyenifundisha kusali. Aliposikia gujoni za kale alijifanyia ishara ya msalaba.

"Alisema kale? Hakusema zamani?"

"Kale, Mama. Nimesikia na masikio yangu."

"Kale ni kale," Mama akasema. "Ile inapita zamani."

Lakini minibasi aliikataa. Alisema akifa afie kwenye gari la mtoto wake, si kati ya magunia ya watu. Akapanda mbele na rozari yake, na tukarudi Goma polepole hivyo, yeye akisali, mimi nikisikiliza, na kwenye kila shimo sote wawili tukinyamaza mpaka tulipite.

Jioni nikamwita dada yangu uani. Nilimwambia kesho nitasema hapana, na nikamwambia sababu. Nilidhani atalia. Alikunja mikono.

"Umeona na macho?"

"Nimesikia."

"Yaya, kila mutu aliyekuja kwangu, wewe ulisikia kitu. Wa kwanza ulisikia anakunywa. Ule mwingine, ulisikia iko na bibi ku Beni. Ulikwenda kuona hata mumoja?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Kesho uulize mbele ya batu bote," akasema. "Akiwa muongo, mi mwenyewe nitamufungulia mulango aende. Lakini uulize. Usiseme hapana na mambo ya kusikia."

Nikakubali, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga hata kabla hajasema. Na alipoondoka, mlangoni mwa jikoni aligeuka akaniuliza tena ni neno gani hasa nililosikia. Hapo ndipo nilipoona kwamba ananiamini kidogo. Anaogopa niko sahihi.

Jumapili wakaja kwa pikipiki, wote: kijana kwa suti ya buluu, mjomba wake mzee aliyekuwa karani na sasa anapumzika, na mama yake mdogo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Nikaona pikipiki nikashangaa. Fundi wa magari, mwenye gari lake, analeta wazee wake kuposa kwa pikipiki? Nikaliweka na hilo.

Dada yangu, kwa desturi, alibaki jikoni nyuma ya pazia mpaka aitwe. Mjomba akasimama. Kifaransa kikaja, Kiswahili kikaja, ua likatajwa, lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumba, ikasifiwa jinsi ilivyo safi. Kijana aliketi kimya, macho chini, kwa sababu siku ile mchumba hasemi, husemewa. Mjomba alipofika mwisho na kuomba jibu, nikasimama.

"Mbele nijibu, niko na swali moja. Kwa yee mwenyewe."

Mjomba akageuka, hakuzoea mchumba kuulizwa. Mama yangu akashika rozari.

"Gujoni ulitia mu gari yangu, ni ya mupya ao ni ya kale?"

Kijana aliinua uso. Alifikiri kidogo, na kama kuna jambo nisilolisahau ni jinsi alivyonijibu bila hata kupepesa.

"Ni ya mupya, muzee. Na ni ya kale."

"Mumesikia?" nikawaambia watu wangu. "Mumesikia wenyewe! Mupya na kale, kwa kinywa kimoja!"

Mjomba ndiye aliyeelewa wa kwanza. Nilimwona akianza kutikisika mabega, akafunika mdomo kwa leso, kisha leso haikutosha.

"Papa, papa yangu! Kale ni kile kisahani! Kwetu mu garaji za Bukavu, kitu unatia katikati kitu kisogee, tunakiita kale. Ni Kifaransa hicho. Gujoni ya kale ni gujoni ya kile kisahani. Ya murefu!"

Nyumba ikalipuka. Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mke wangu alicheka, na jikoni nyuma ya pazia nikasikia kicheko cha dada yangu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa bado anawaza.

Mimi nilisimama palepale. Neno linalokuja kukuokoa kwa wakati mzuri namna hiyo, mimi silipokei mlangoni. Na hata kama kale ni kisahani, simu ilikuwa na maneno mengine.

"Na 'yee hajue kitu, usimuambie mutu'," nikauliza, "nayo ni Kifaransa?"

Kicheko kikakatika. Kijana akatazama viatu vyake. Mama yake mdogo akatazama dirishani. Nikajua nimegusa penyewe.

"Tufungue gari," nikasema.

Tukatoka wote uani na nguo zetu za misa. Nilidhani atasema ufunguo umebaki garaji. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Akavua koti, akampa mjomba, akapiga magoti kwenye changarawe na suruali ile ya buluu, akainua gari kwa jeki yangu, akafungua. Hakuniuliza lolote. Jante ikatoka, na zile gujoni zikaonekana: ndefu, zinang'aa, kila uzi wake mkali, na hata mtu asiyejua gari angesema ni mpya. Niliinama nikazipapasa. Hakuna cha kusema. Lakini nyuma yake kisahani kilikuwa kinanitazama, na kisahani hakikuwa kipya. Kilikuwa na mikwaruzo pembeni, na ukingoni kimebaki na rangi nyekundu ya jante nyingine, ya gari lingine.

"Na hii? Nayo ni ya mupya?"

Alifuta ile rangi nyekundu kwa kidole gumba.

"Nakuuliza wewe."

Nilihisi damu imenipanda, na ilikuwa damu ya furaha, kwa sababu nilikuwa sahihi. Ndipo mama yake mdogo akashindwa kujizuia.

"Kwani unaona siye tumekuja na moto, hizi pikipiki, juu ya nini? Gari yake iko juu ya mabwe tangu ile siku! Ametoa bile bintu ku gari yake, akakutilia wewe. Jante zake ni pana kama zako, bila kale haiwezi kutembea. Na akanikataza kusema. Sasa nimesema, anifukuze!"

Kijana alibaki amepiga magoti, ameshika ufunguo.

"Bile biko ku soko ni bibaya, muzee," akasema. "Binapasuka. Nilijua unaenda kuchukua mama yako Kalengera. Hii yangu naijua. Nimetembea nayo mpaka Bukavu na mizigo."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ni yangu, ungesema nakununua."

Ni kweli. Ningesema hivyo. Hata wakati anaongea, akiwa amepiga magoti mbele yangu na vumbi gotini, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inasema: basi ndiyo hivyo, anakununua. Sijutii kuuliza, na nisingeuliza tusingejua. Lakini nilisimama pale na sikuona mahali pa kuweka mikono.

Pazia la jikoni likasukumwa. Dada yangu akatoka kabla ya kuitwa, jambo ambalo halifanywi, akapita katikati ya wazee mpaka mbele ya gari. Hakunitazama. Alimtazama yeye.

"Na miye?"

"Wewe nini?"

"Miye hukuniambia juu ya nini? Nilikuuliza gari yako iko wapi. Ukasema inangoja kiungo."

"Nilijua utamuambia yaya yako."

"Kumbe njo vile unaniona."

"Haikuwa kitu kibaya," kijana akasema. "Ilikuwa kitu kizuri."

"Umenidanganya na uso uleule," dada yangu akasema. "Siku utanidanganya juu ya kitu kibaya, mi nitajua na nini?"

Yule kijana wa maneno, mtu wa Bukavu, alizungusha ufunguo mkononi. Akageuza uso, na aliyemtazama kuomba msaada ni mimi. Nami niliogopa. Wiki nzima nilikuwa natafuta njia ya kuuvunja uchumba huu, na sasa ulikuwa unavunjika wenyewe uani kwangu, kwa swali ambalo lingeweza kutoka kinywani mwangu, na nikaona sitaki. Nikakimbilia ndiyo niliyokuwa nimeibania siku zote.

"Basi, jibu letu ni ndiyo," nikasema kwa sauti kubwa. "Tumekubali. Turudi ndani."

Dada yangu ndipo akageuka kwangu.

"Yaya, hakuna mutu amekuuliza."

Mjomba alikohoa. Kwa desturi nilikuwa nimeulizwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza, lakini hakufungua mdomo kunisaidia. Mama naye, aliyekuja toka Butembo kusikia jibu la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua kama anasali au anaficha kicheko.

"Rudisha roue," dada yangu akamwambia kijana.

Akalirudisha gurudumu mahali pake. Dada yangu alisimama juu yake muda wote, mikono imekunjwa, akitazama kila nati inavyoingia, inavyopishana na ya mbele yake, inavyokazwa. Ilipofika ya mwisho alisema ile ya kwanza haijakaza. Kijana akairudia. Ufunguo haukusogea hata kidogo, ilikuwa imekaza tangu mwanzo, lakini hakusema hivyo. Akamuuliza nyingine ipi. Dada yangu akamwonyesha, naye akairudia na hiyo. Wakafanya hivyo mpaka zote zikaisha, na hakuna aliyethubutu kuwaingilia.

"Usinifiche tena," dada yangu akasema. "Hata kitu kizuri."

"Sitakuficha."

"Mbele yao."

Kijana akasimama, akajipangusa magoti, akawageukia wazee wake na mama yangu, akalisema tena kwa sauti ya kusikika: hatamficha. Mimi hakunitazama. Nadhani aliona haihitajiki.

Dada yangu akavuta pumzi.

"Nakubali," akasema. "Mujue ni miye nimekubali."

Mama mdogo akapiga vigelegele, Mama akamjibu kwa vya Butembo ambavyo ni virefu zaidi, mke wangu akatoka na soda ambazo hakuna aliyeziomba. Watu wangu walimzunguka dada yangu, pande zote, nikakosa pa kupita. Nikapiga makofi nikiwa nimesimama upande wa wageni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi.